Mkimbizi ni nani? Neno moja katika filamu Die letzte Chance

Filamu hii ya Leopold Lindtberg, iliyotolewa Uswisi mwaka 1945, husifiwa kwa wingi wa lugha zake. Wafungwa wa vita waliotoroka huko Italia mwaka 1943, Waingereza wawili na Mmarekani mmoja, wanavuka milima ya Alpi pamoja na raia wanaokimbia, na kila mtu anasema lugha yake. Mimi pia nilianza kwa kuzihesabu. Kumbe swali zito liko mpakani, katika neno moja.

Kwa sheria ya vita, mfungwa aliyetoroka akifika nchi isiyopigana aliweza kupokelewa. Raia je? Agosti 1942 polisi ya Uswisi iliagiza kwamba waliokimbia kwa sababu ya asili yao tu, kama Wayahudi, wasihesabiwe kuwa wakimbizi wa kisiasa. Ndiyo maana katika filamu maofisa wanasita mbele ya watu waliokwisha kuvuka theluji. (Therese Giehse, anayeigiza mama Myahudi, mwenyewe aliikimbia Ujerumani mwaka 1933.)

Kijerumani kina Flüchtling, kutoka kitenzi flüchten. Sisi tuna mkimbizi, kutoka kukimbia. Yote mawili yanataja kitendo, hayaulizi sababu. Sababu iliongezwa ofisini. Basi katika zoezi letu la semantiki nisingeanzia kwenye kamusi. Ningeanzia kwenye waraka ule.