Mama, Kagua Bustani Mbele ya Kutia Dawa

Mama, huku kwetu Kasongo na Kabambare, lengalenga, kabichi na nyanya za bustani zinamjenga mtoto. Wadudu wakizila, unakimbilia dawa. Ngoja kwanza! Dawa inayoua mdudu inaweza kumdhuru mtoto pia. Basi kagua mbele ya kutia.

1. Ingia bustanini asubuhi, mara mbili kwa juma. Usiishie pembeni tu. Chagua miche kumi, hapa na pale.

2. Geuza majani. Mayai na viwavi hujificha chini yake.

3. Hesabu wadudu, ulinganishe na mara iliyopita. Wakiwa wachache, waokote kwa mkono, uwaponde.

4. Si kila mdudu ni adui. Yule mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, anakula vidukari wanaonyonya majani. Mwache.

Wakiongezeka, na dawa ikawa lazima, mama mwenye mimba asiishike, wala mtoto. Msichume mboga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie. Chupa tupu isitiwe maji wala mafuta ya kula.

Mtoto akiigusa au akiinywa, usingoje atoke mate mengi, atetemeke au apumue kwa shida. Usimtapishe, wala usimpe maziwa. Mvue nguo zenye dawa, muoshe kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali mbio, pamoja na ile chupa.

Swali: Mama, kesho asubuhi utageuza majani ya miche mingapi?