Kinachochelewesha Ndoa



Kijana wa Kampala amehitimu, ana kazi nzuri, amepanga nyumba Ntinda. Mchumba wake naye anafanya kazi. Wanaishi pamoja bila ndoa. Ukiwauliza, wanakusanya pesa za kwanjula na ukumbi. Wengine husema huo ndio usasa.

Matamanio yenyewe si aibu. Mtume (s.a.w.) aliyazungumzia waziwazi: katika hadithi ya Ibn Mas'ud aliwahimiza vijana wenye uwezo waoe, na asiyeweza afunge. Basi uwezo ni upi? Katika madhehebu yetu ya Shafii patakiwa walii, mashahidi wawili na ridhaa. Mahari nayo ni haki ya mwanamke mwenyewe (4:4), si ya wajomba. Sahaba mmoja aliambiwa atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Mahema, keki na kamati ya harusi (ambayo, kusema kweli, sisi wenyewe twaipenda) havimo.

Na anayeumia ni binti. Akishika mimba, mwenzake hubadilisha namba ya simu.

Baba wa binti akitaja kiasi kikubwa, mwombeni imamu azungumze naye mapema, kabla hamjahamia nyumba moja.