NJIA YA MWONGO NI FUPI: Tuchunguze Maombi ya Kazi



Chama chenu cha msingi kinatafuta karani wa mizani kwa ajili ya msimu wa korosho. Barua sita zimeletwa. Wajumbe wa bodi mmekaa na karatasi mezani, na kila barua inajisifu. Mnajuaje yupi mkweli? Mkimwajiri mwongo, hasara haitakuwa yake peke yake. Mkulima aliyepalilia mwaka mzima ndiye atakayeandikiwa kilo pungufu.

Leo tutajifunza uongo unaoletwa kwenye maombi ya kazi, na jinsi mwajiri, hata wa kijijini, anavyoweza kuugundua.

UONGO WENYEWE NI WA NAMNA GANI?

Upo wa namna nne:

1. Cheti cha kughushi. Mtu hakufanya mtihani, au alifeli, akatengenezewa karatasi.
2. Cheti cha mtu mwingine. Anaazima cha kaka yake, au anatumia cha marehemu, na kuanzia siku hiyo anaitwa kwa jina lile.
3. Kuongeza chumvi. Alikuwa mbeba magunia, anaandika "msimamizi wa ghala". Alifanya kazi miezi mitatu, anaandika miaka mitatu.
4. Kuficha. Alifukuzwa kwa wizi wa fedha, anaandika kwamba aliacha mwenyewe. Au hataji kabisa kwamba aliwahi kufanya kazi mahali pale.

Huu wa tatu na wa nne watu wengi hawauiti uongo. Wanasema "ni kujitafutia tu". Lakini mwajiri anakabidhi funguo na daftari kwa kuamini maneno hayo.

YALIYOTOKEA TANZANIA MWAKA 2017

Tusidhani jambo hili ni dogo. Serikali ya Tanzania ilifanya uhakiki wa vyeti vya watumishi wake. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa. Watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa na utata, kwani cheti kimoja kilikutwa kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Wenye vyeti vya kughushi waliondolewa kazini.

Waligunduliwaje? Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina kumbukumbu za watahiniwa. Karatasi ya mtu ililinganishwa na kumbukumbu za Baraza. Hapo ndipo penye fundisho. Mwongo anatengeneza karatasi iliyo mkononi mwake, lakini hawezi kutengeneza ile iliyobaki kabatini kwa mwenyewe. Cheti ni kama mti, mizizi yake iko mahali pengine.

Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wamesomesha watoto na kujenga. Ilipofika mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuwarudishia michango yao ya hifadhi ya jamii, ile iliyokatwa kwenye mishahara yao wenyewe. Lakini kazi ilikuwa imekwenda. Njia ilikuwa ndefu kidogo, ila mwisho wake ulifika.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Haya, turudi kwenye barua zetu sita. Mfanye hivi:

Kwanza, takeni cheti halisi. Msikubali nakala peke yake. Mwombaji aje na cheti chenyewe, mkilinganishe na nakala.

Pili, someni namba ya mtihani. Kwenye cheti cha kidato cha nne namba huanza na herufi. S ni mtahiniwa wa shule, P ni mtahiniwa wa kujitegemea. Hufuata namba ya kituo, kisha namba ya mtahiniwa mwenyewe. Baraza limeweka matokeo ya miaka mingi ya karibuni kwenye tovuti yake. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuwatazamia kama alama zinalingana. Mkiwa na shaka, liandikieni Baraza lenyewe.

Tatu, fanyeni hesabu ya miaka. Hii haihitaji simu. Tuchukue mfano. Mwombaji amezaliwa 1992. Alianza darasa la kwanza 1999, akiwa na miaka saba. Alimaliza darasa la saba 2005, na kidato cha nne 2009. Lakini barua yake inasema alikuwa karani wa kudumu tangu 2007. Je, alikuwa karani akiwa kidato cha pili? Mwaka mmoja kati ya hiyo si wa kweli. Tena angalieni miaka iliyorukwa. Kama kutoka 2014 hadi 2017 hakuandika kitu, muulizeni alikuwa wapi. Huenda alikuwa anamuuguza mama yake. Huenda pia kuna jambo.

Nne, mwulizeni mwajiri wa zamani. Msipige tu namba ya simu iliyoandikwa kwenye barua ya sifa, maana huenda ni ya shemeji yake. Tafuteni wenyewe namba ya ofisi ile, au mtumeni mjumbe. Ulizeni maswali mafupi: alianza lini, aliacha lini, alikuwa na kazi gani, mngemrudisha? Swali la mwisho lina maana kubwa kuliko yote.

Tano, mpeni kazi yenyewe aifanye mbele yenu. Mwongo anaweza kujifunza maneno, lakini mikono humsaliti. Sikilizeni mazungumzo haya:

Mwenyekiti: Karibu, kijana. Umeandika ulikuwa karani wa mizani miaka mitano.

Mwombaji: Ndiyo, mzee. Miaka mitano kamili.

Mwenyekiti: Vizuri. Hilo hapo gunia la korosho. Tupimie.

Mwombaji: Limesoma kilo 62, mzee. Naandika 62.

Mwenyekiti: Na gunia lenyewe je?

Mwombaji: Gunia? Gunia si ni la mkulima mwenyewe, mzee?

Mwenyekiti: Haya, ahsante. Kaa hapo kwanza.

Wajumbe waliangaliana. Aliyepima miaka mitano anajua kwamba uzito wa gunia tupu hutolewa kwanza. Kama gunia ni kilo 1, korosho ni kilo 61. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo. Kilo 61 ni shilingi 122,000, wala si 124,000. Asiyejua kutoa atakitia chama hasara, na anayejua kutoa kupita kiasi atamwibia mkulima.

TAHADHARI: MSIMWONEE MTU

Kuchunguza si kushutumu. Majina yakitofautiana, msiseme papo hapo kwamba ni mwizi wa cheti. Huenda mama huyo aliolewa akabadili jina, au mwalimu aliandika vibaya. Mwombeni hati ya kiapo inayoeleza majina hayo. Hata katika uhakiki ule wa 2017, walioona wameonewa walikata rufaa, na wapo waliokutwa na vyeti halali. Kwa hiyo mwiteni pembeni, mwulizeni kwa heshima, mwache ajieleze. Na wote sita wachunguzwe sawasawa, hata akiwamo mtoto wa katibu.

Tena tujiulize sisi waajiri: kazi hii inahitaji cheti gani? Mkitangaza kwamba mlinzi wa ghala lazima awe na kidato cha nne, mnawafungia mlango watu waaminifu, na mnamfungulia mwenye karatasi ya kununua. Andikeni sifa ambazo kazi inazihitaji kweli.

KWA WEWE UNAYEOMBA KAZI

Pengine unasema, "Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima tu. Nikisema kweli nani atanichukua?"

Sikia kisa hiki. Wapo watumishi wa darasa la saba nao walioondolewa kazini wakati wa uhakiki, kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Wale walioghushi hawakuhusika. Basi wawili hawa wote walikuwa na elimu ya darasa la saba. Aliyesema "mimi ni darasa la saba" alirudi. Aliyejifanya kidato cha nne alibaki nje.

Zaidi ya hayo, kughushi ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Hata anayemwazima mwenzake cheti ili ajifanye yeye, naye ana kosa. Usimwazime ndugu yako, hata akilia.

Andika hivi bila haya:

"Nilisoma hadi darasa la nne. Nilihitimu kisomo cha watu wazima. Najua kusoma, kuandika, na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu kwa miaka mitatu. Daftari lipo, mnaweza kulikagua."

Barua hii ni fupi, lakini kila neno lake lina shahidi. Mbele ya bodi iliyojifunza kuchunguza, itaishinda barua ndefu yenye cheti cha kununua. Kwa hiyo kila kijiji kinachochunguza vizuri kinamfungulia mlango mkweli mwenye elimu ndogo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja namna nne za uongo kwenye maombi ya kazi. Upi umeonekana zaidi kijijini kwenu?
2. Mwombaji amezaliwa 1995 na alianza shule akiwa na miaka saba. Hakurudia darasa. Alimaliza darasa la saba mwaka gani?
3. Gunia la korosho linasoma kilo 75. Gunia tupu ni kilo 1. Kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo, mkulima alipwe kiasi gani?
4. Kijiji kinataka mlinzi wa ghala. Andikeni sifa tatu ambazo kazi hiyo inazihitaji kweli, na jinsi ya kuhakiki kila moja.