PUMZI YAKO UNAIUZA KWA BEI GANI?

Kijana mwenzangu, simama kidogo. Usiikunje karatasi hii. Haikuombi pesa, inakuomba dakika chache tu.

Alasiri ukipita viwanjani hapa Makunduchi utawaona vijana wanakimbia. Wengine wa skuli, wengine wanachuo waliorudi kutoka mjini, wengine wavuvi. Miguu myepesi, vifua vipana. Raha kuwatazama! Lakini pita usiku maskani. Utawakuta baadhi yao, walewale. Mmoja ana chupa, mwingine ana msokoto, na yule wa tatu kajitenga gizani peke yake. Ukimwuliza atakujibu, "Aa, mimi najiweza. Jana si umeona nilivyofunga goli?"

Kwa neno hilo moja vijana wengi wamekwenda. Leo tulichunguze pamoja.

MTU ALIYEWASHINDA WOTE

Umewahi kumsikia Henry Rono? Alikuwa kijana wa Kinandi, wa Kenya, aliyepata nafasi ya kusoma na kukimbia katika chuo kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1978, ndani ya siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5000, mita 3000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3000. Mwanachuo huyo! Mwaka huohuo akachukua dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada.

Basi katika miaka hiyohiyo ya sifa pombe ikaanza kumtawala. Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 1981, pombe ikiwa imeshamshika, alikwenda Norway akavunja tena rekodi yake mwenyewe ya mita 5000. Dakika 13 na sekunde 6 na nukta!

Unaona mtego ulipo? Mtu angemwambia siku ile, "Rono, pombe itakumaliza," angemjibu nini? Angemwonyesha saa! Mwili wa kijana ni kama duka la mkopo. Unachukua leo, unachukua kesho, mwenye duka anaandika tu, hasemi kitu. Siku atakapokuletea daftari, huna cha kulipa.

Daftari la Rono lilikuja. Mbio zikamwisha, fedha zikamwisha. Mtu aliyeshangiliwa na viwanja vizima akakosa pa kulala, akalala katika nyumba za wasio na makazi. Akafika kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Kubeba mizigo si aibu, ndugu yangu, ni kazi ya halali. Lakini wangapi kati ya wale abiria walijua mkono ule ni wa nani?

Ashukuriwe Mungu, hadithi yake haikuishia hapo. Aliiacha pombe, akafundisha wengine kukimbia, akaandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 2019 akarudi kwao Kenya. Alifariki Februari 2024, mzee wa miaka 72, akiwa kwao.

Wengine hawakupata muda huo. Samuel Wanjiru alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing mwaka 2008, kwa saa 2 dakika 6 na sekunde 32. Alikuwa na miaka 21! Ulevi wake na ugomvi wa nyumbani vikasemwa hadharani. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafa. Watu walibishana sana juu ya usiku ule. Lakini jambo moja halina ubishi: alizikwa akiwa na miaka 24.

Usiseme hayo ni ya Kenya. Mwaka huohuo wa 2008 baadhi ya mabondia wetu wa Tanzania walikwenda Mauritius kwenye mashindano wakakamatwa na heroini. Walikwenda na bendera, wakaishia mikononi mwa polisi. Muuza unga humpenda mwanamichezo, kwa sababu mwanamichezo ana pasipoti na ana safari.

MWILI HAUDANGANYIKI

1. Pombe hukukojoza sana. Mchezaji anaingia uwanjani amekauka, misuli inabana. Tena huharibu usingizi, na usingizini ndimo misuli inamojijenga. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja kwa saa. Kahawa haiharakishi, wala kuoga maji ya baridi. Utakuwa mlevi aliyelowa, basi.

2. Bangi huupeleka moyo mbio na kuchelewesha jicho na mkono. Wewe unajiona mwepesi, kumbe mpira umeshapita.

3. Tramadoli ni dawa ya maumivu inayotolewa na daktari. Siku hizi vijana wanaimeza ili wasichoke. Hailinyamazishi goti tu, hulizoesha na kichwa, mwisho huamki bila hiyo. Tangu Januari 2024 imepigwa marufuku siku ya shindano katika michezo yote inayofuata sheria za dunia.

4. Unga ni baba yao. Visiwani kwetu umeingia tangu miaka ya 1980. Raha ya mara ya kwanza huipati tena, unabaki kuikimbiza. Ukiukosa inakuja arosto: mifupa inauma, unatapika, unaharisha, usiku hauishi. Kwa sindano za kupeana watu wameambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na heroini inaua vipi? INASIMAMISHA PUMZI. Mtu analala, anapumua polepole, polepole zaidi, kisha basi. Hatari kubwa ni kwa yule aliyeacha kwa muda kisha akarudia kipimo chake cha zamani. Mwili umeshasahau, kipimo kile kinamwua.

KIPA WETU

Nikwambie jambo langu. Zamani nilicheza timu moja ya mtaani, na kipa wetu alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vizuri kati yetu wawili, tunaazimana. Siku moja alirukia mpira uliokwisha kupita, ukiwa wavuni tayari. Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nilicheka.

Wiki chache baadaye vile viatu viliuzwa. Nikamkasirikia kwa ajili ya viatu! Sikumwuliza, "Ndugu yangu, una nini?" Wenzetu nao hawakumwuliza. Nilipolibeba jeneza lake nilimkuta mwepesi kama mtoto.

Ndiyo maana ninaandika karatasi hizi. Mimi si msomi, nimeishia darasa la saba, kisha nikajifunza Biblia. Lakini swali lile moja ningeweza kuliuliza hata bila skuli.

MLANGO UKO WAPI?

Labda unasema, "Umechelewa kuniambia, mimi nimeshaingia." Sikia: uraibu ni maradhi yenye tiba, na Unguja ipo.

Tangu mwaka 2009 zimekuwepo soba hausi kisiwani, nyumba ambamo walioacha huwashika mkono wanaotaka kuacha. Walianza wenyewe waliokuwa mateja! Katika hospitali ya Kidongo Chekundu hutolewa methadoni. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, inayoituliza arosto ili mtu arudi kazini na kwa watu wake. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011.

Na wewe wa pombe: kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka asubuhi, usikate ghafla peke yako chumbani. Unaweza kupata degedege. Nenda hospitali ukaachishwe kwa uangalizi.

Sala ni njema, iombe. Lakini Mungu aliyekupa sikio la kusikia maombi ndiye aliyempa daktari mikono. Usitumie kimoja kukimbia kingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu peke yako, usimwonyeshe mtu.
a) Mara ya mwisho kucheza au kufanya mtihani bila kitu mwilini ilikuwa lini?
b) Nimeuza au nimeficha nini kwa ajili ya kitu hiki?
c) Nimesema mara ngapi, "Nikitaka naacha"? Na niliacha siku ngapi?
d) Nani katika timu yangu nimemcheka badala ya kumwuliza?

TOKA!

Kila Julai hapa Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, umeona wazee wanavyokichoma kile kibanda cha makuti. Aliyemo ndani hufanya nini? Anatoka mbio! Hakai kuuliza moto umeanzia upande gani, wala hasemi, "Ngoja nimalizie kukaa kidogo." Na nje watu wanamsubiri kwa shangwe.

Kijana, moshi umeshauona. Wazazi wako wameuona kabla yako, ila wanaona haya kusema. Pumzi uliyonayo hukuinunua, na ikikatika hakuna duka la kuinunua tena. Usiku wa leo, kabla hujafika maskani, mtafute mtu mmoja unayemwamini, mama, mwalimu, kaka, hata yule mwenzako wa timu, umwambie maneno mawili tu: "Nisaidie kutoka."

Na kama wewe ni mzima, ukasoma hapa ukamkumbuka mtu, usiitupe karatasi hii. Mpelekee. Kisha kaa naye, umwulize.