Saratani ya umio: Karatasi ya damu haitoshi

Miezi michache iliyopita, mwalimu mmoja mstaafu aliingia katika kliniki yangu akiwa na karatasi ya maabara ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amejilipia kipimo cha damu cha kutafuta saratani na jibu lilikuwa safi. "Sasa daktari," aliniuliza, "kama sina kansa, mbona ugali haushuki?"

Nilimuuliza ugali ulianza kukataa lini. Alisema ni tangu wakati wa mavuno, na kwamba kwa wiki tatu alikuwa akiishi kwa uji na supu. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya. Matundu hayo yalinieleza mengi kuliko ile karatasi.

Umio ni mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi wetu huita ugonjwa huu kansa ya koo, na hapa Kenya si ugonjwa wa nadra. Bomet na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zinajulikana duniani kote kwa wingi wa wagonjwa wake. Mnamo 2002 jarida la Lancet lilichapisha ripoti kutoka Bomet kuhusu vijana wanaougua saratani hii, jambo ambalo madaktari wa Ulaya hawakulizoea. Aina iliyoenea kwetu huanzia katika seli bapa zilizotandazwa ndani ya umio. Ulaya na Marekani aina iliyoongezeka ni ile ya seli za tezi, inayotokea chini karibu na tumbo na kuhusiana na kiungulia cha miaka mingi na unene. Naomba msomaji akumbuke tofauti hii, kwa maana tutairudia.

Kipimo alichofanyiwa mwalimu kinaitwa CEA. Hupima protini ambayo baadhi ya uvimbe huimwaga katika damu. Kuna kingine kinachoitwa SCC, na kingine CYFRA 21-1. Madaktari huviita alama za uvimbe. Taabu ni kwamba saratani nyingi za umio, hasa zikiwa changa, hazitoi protini hizi kwa kiwango cha kuonekana. Kwa upande mwingine, mvutaji sigara asiye na saratani yoyote anaweza kuwa na CEA iliyopanda kidogo, na mwenye figo mbovu akawa na SCC iliyopanda. Kwa hivyo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumhakikishia mtu anayekwamwa na chakula kwamba yu salama. Anayehitaji jibu afanyiwe endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani, daktari akaona kwa macho na kukata kinyofu cha kupimwa. Sioni sababu ya kumuuzia mtu wa aina hii kipimo cha damu, na nimemwandikia mwenye maabara hiyo kumweleza hivyo.

Alama zina kazi gani basi?

Zina kazi, lakini baada ya saratani kuthibitishwa. Zipo za namna mbili, na hata wauguzi wangu huzichanganya. Namna ya kwanza hutabiri mwendo wa ugonjwa. Ni kama wingu jeusi: linakuambia mvua yaja, lakini halikupi mwavuli. Mgonjwa ambaye CEA au CYFRA 21-1 yake iko juu kabla ya upasuaji, kwa jumla, huwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Namna ya pili humwonyesha daktari dawa ya kutumia, na huo ndio mwavuli wenyewe.

Chukua jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisizaane. Katika saratani ya umio ya seli bapa, jeni hii huwa imeharibika kwa wagonjwa walio wengi mno. Mtu angedhani basi hiyo ndiyo alama bora. La, alama iliyo karibu kwa kila mgonjwa haiwezi kukuambia ni nani atakayeishi miaka kumi na ni nani hatamaliza mwaka. Isitoshe, hadi sasa hatuna dawa ya kawaida ya kuitengeneza.

HER2 ni tofauti. Ni protini iliyo juu ya seli, na inapokuwa nyingi mno kuna dawa, trastuzumab, inayoilenga. Mwaka 2010 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba dawa hiyo huongeza maisha ya wenye saratani ya seli za tezi iliyosambaa, ya tumbo au pale tumbo linapokutana na umio. Lakini HER2 nyingi si jambo la kawaida katika saratani ya seli bapa. Mgonjwa wa Bomet anayekopa pesa apimwe HER2 kwa sababu jamaa yake wa London alipimwa amuulize daktari wake kwanza saratani yake ni ya aina gani.

Alama inayotajwa sana siku hizi ni PD-L1, ambayo seli za saratani huitumia kujificha zisishambuliwe na askari wa mwili. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa 794 waliokuwa wamepata tibakemikali, mionzi kisha upasuaji, lakini wakakutwa na mabaki ya saratani, ulionyesha kwamba dawa ya nivolumab ilichelewesha kurudi kwa ugonjwa hadi miezi 22 hivi, badala ya 11. La kushangaza ni kwamba hata wale ambao seli zao za saratani hazikuwa na PD-L1 ya kutosha walinufaika. Bei ya dawa yenyewe ni habari nyingine, na wengi wetu haituhusu.

Alama isiyouzwa maabara

Hadi leo, kinachotabiri vizuri zaidi maisha ya mgonjwa anayeweza kupasuliwa ni mambo ya kizamani: uvimbe umechimba kiasi gani katika ukuta wa umio, na umefika katika tezi za limfu ngapi. Ndiyo maana inafaa daktari mpasuaji atoe tezi za kutosha, angalau 15, na mtaalamu wa patholojia azihesabu moja moja.

Jambo jingine ni mpangilio wa tiba. Uholanzi walifanya utafiti uitwao CROSS, uliochapishwa mwaka 2012. Nusu ya waliopasuliwa moja kwa moja waliishi zaidi ya miezi 24. Kwa waliotanguliziwa tibakemikali na mionzi, nusu walipita miezi 49. Katika seli bapa, aina yetu, karibu nusu ya waliotanguliziwa tiba hiyo hawakukutwa na chembe ya saratani hai katika umio uliotolewa. Mtu wa familia akisikia kwamba mgonjwa atapigwa mionzi kabla ya kisu, asidhani anacheleweshwa.

Mwalimu wetu alifanyiwa endoskopi wiki ile ile. Ilikuwa saratani ya seli bapa, katikati ya umio, na picha ya CT haikuonyesha kwamba imefika kwenye ini wala mapafu. Amemaliza mionzi, anameza wali laini, na mshipi umerudi tundu moja. Atapasuliwa mwezi ujao. Nilimwambia pia kwamba tangu mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeorodhesha vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani hii. Siku hizi anaacha kikombe kipoe kwanza. Mkewe anasema hiyo si chai.