Kabla ya Kuajiri, Daftari la Wafanyakazi Lisafishwe

Mkazi anapofika kwenye zahanati na kumkuta muuguzi mmoja akihudumia foleni ndefu, huuliza: kwa nini kaunti haiajiri? Wakati mwingine jibu limo katika daftari la wafanyakazi. Tuseme daftari linaonyesha kwamba zahanati hiyo ina wauguzi watatu. Mmoja yuko kazini. Wa pili alihamishiwa hospitali ya kaunti ndogo, lakini kituo chake hakikubadilishwa kwenye kompyuta. Wa tatu yuko masomoni, tena kwa likizo iliyoidhinishwa. Ofisa anayegawa nafasi za kazi akiwa makao makuu huona wauguzi watatu, na nafasi mpya hupelekwa kwingine. Hakuna aliyeiba chochote hapo, ila mgonjwa ndiye anayeumia.

Chanzo cha hali hii ni cha miaka mingi. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya miji na wilaya yaliyovunjwa na wale wa wizara za serikali ya kitaifa, kisha zikaajiri wao wenyewe. Kila kundi lilikuja na faili zake na vyeo vyake. Isitoshe, baadhi ya mishahara hulipwa nje ya mfumo mkuu wa kompyuta, hasa ya vibarua na wa kandarasi, jambo ambalo Msimamizi wa Bajeti amelilalamikia mara kwa mara katika ripoti zake.

Kusafisha data huanza kwa kuhifadhi nakala ya daftari kama lilivyo, isiguswe. Kazi hufanywa kwenye nakala nyingine, na kila badiliko huandikwa: nani amebadilisha, lini, kwa ushahidi gani. Kisha hutafutwa majina yaliyorudiwa. Hapa jina pekee halitoshi. Mwanamke aliyeajiriwa kwa jina la babake anaweza kuonekana tena kwa jina la mumewe, na kompyuta ikahesabu watu wawili. Ndiyo maana nambari ya kitambulisho na ile ya ushuru hulinganishwa pamoja na nambari ya mfanyakazi.

Tarehe nazo zina mitego yake. 07/03/1966 ni Machi 7 kwa aliyezoea kuanza na siku, na ni Julai 3 kwa kompyuta iliyopangwa kuanza na mwezi. Kwa kuwa mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, au 65 akiwa mtu mwenye ulemavu, kosa hilo moja linaweza kumwondoa mtu kazini mapema au kumlipa karibu miezi minne asiyostahili.

Sufuri moja ya ziada pia si jambo dogo. Chukua wafanyakazi watano wanaolipwa Sh30,000, Sh32,000, Sh34,000, Sh35,000 na Sh35,000 kwa mwezi. Wastani ni Sh33,200. Mshahara mmoja wa mwisho ukiandikwa Sh350,000, wastani unaruka hadi Sh96,200. Fedha ambazo zingeajiri watu kumi wa kiwango hicho sasa zinaonekana kutosha watatu tu. Mshahara wa katikati, yaani Sh34,000 baada ya kuipanga kwa ukubwa, haukutikisika. Maofisa wa bajeti hufanya vyema kuangalia hesabu zote mbili, hasa kwa kuwa kanuni za fedha za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti.

Sehemu ngumu zaidi ni kutofautisha kosa na mtu. Akaunti moja ya benki inayopokea mishahara miwili huamsha shaka ya mfanyakazi hewa, na shaka hiyo ni ya haki. Lakini huenda ni mume na mke, wote waajiriwa, wanaotumia akaunti moja. Kusimamisha mshahara kwa sababu ya mstari mwekundu kwenye kompyuta, kabla ya kumwita mhusika alete kitambulisho na barua ya ajira, ni kumwadhibu mtu kwa uzembe wa masijala. Ukaguzi wa ana kwa ana kituoni, mbele ya msimamizi wake, hauna mbadala.

Daftari hilo hubeba pia kabila na ulemavu wa mfanyakazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka izingatiwe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti, na hilo haliwezi kupimwa bila kumbukumbu. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari hizo kuwa nyeti. Anayeandaa ripoti ya umma hutoa jumla kwa idara au wadi, bila majina wala nambari za vitambulisho.

Mkazi anaweza kuuliza katika vikao vya bajeti: zahanati yetu imeandikiwa wauguzi wangapi, na wangapi wanaripoti kazini? Tofauti ikijitokeza, ipelekwe kwa msimamizi wa wadi ikiwa na jina la kituo na tarehe, ili daftari lirekebishwe kabla nafasi nyingine hazijatangazwa.