Kuchuja si Kutoa: Dawa za Jamii ya Adrenalini na Chumvi katika Figo

Aghalabu husemwa kwamba kazi ya figo ni kuchuja damu. Kauli hiyo ni sahihi, ila ni nusu tu ya maelezo. Makala haya yanafafanua nusu ya pili kwa kurejelea dawa zinazoiga au kuzuia kazi ya adrenalini na noradrenalini.

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, ambamo mna chumvi ipatayo kilo moja na nusu. Hata hivyo, mkojo huwa lita moja na nusu hivi, nayo chumvi itokayo ni gramu chache. Iliyosalia hufyonzwa na mirija ya figo na kurejeshwa katika damu. Hivyo basi, pana hatua tatu: kuchuja, kufyonza upya na kutoa.

Noradrenalini inapotiwa mwilini, hushika vipokezi vya alfa na kubana mishipa midogo inayoingiza damu katika chujio la figo, pamoja na ile inayoitoa. Damu ipitayo hupungua. Lakini kwa kuwa njia ya kutokea nayo imebanwa, shinikizo ndani ya chujio halishuki sana. Kwa sababu hiyo, uchujaji hupungua kwa kiwango kidogo kuliko mtiririko wa damu. Kipimo kikizidi mno, uchujaji nao huporomoka.

Je, chumvi? Huweza kupungua katika mkojo hata pale uchujaji usipobadilika sana, kwa kuwa mirija huchochewa kufyonza zaidi. Vilevile, vipokezi vya beta huamsha utoaji wa renini. Renini huanzisha utengenezaji wa angiotensini, nayo huchochea aldosteroni, homoni inayoihifadhi chumvi mwilini. Propranololi huziba vipokezi vya beta na kupunguza utoaji huo wa renini.

Ni bayana, basi, kwamba mfasiri anayeandika "dawa hii huzuia figo kuchuja chumvi" kwa maana ya chumvi kutotoka huwa amepotosha. Chumvi ilichujwa, kisha ikarudishwa. Mgonjwa wa shinikizo la damu akisoma sentensi hiyo, huenda akadhani figo zake zimeharibika na kuiacha dawa. Istilahi hizo tatu hazina budi kutenganishwa.